Radhi Haitiwi Bahasha

Léopoldville, 10 Februari 1957

Yaya Sharifa,

Salamu ni nyingi kuliko karatasi, basi zigawe wewe mwenyewe: nusu za Mama, robo za Baba mdogo, zitakazobaki zako. Nimefika salama, siku kumi na tisa njiani, meli, treni, tena meli, na wali wa melini sitaki hata kuusimulia.

Sasa nikupe habari. Unajua niliitwa huku kwa mbio ndefu, zile mita elfu kumi nilizoshinda Stanleyville, na kabla ya hapo zile za sikukuu ya mgodi kule Kampene, ambako dada yetu mkubwa, Yaya Jamila, alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Ee bwana, hizo mbio ndefu huku sina langu. Kuna askari wawili wananiacha kama nimesimama kununua karanga. Nilidhani nitarudishwa kabla ya wiki kwisha. Lakini siku ya tatu mwalimu wetu wa mbio, Mesie Jacques, Mbelgiji mmoja mwekundu mwenye kelele, alituona tukitoka uwanjani baada ya mvua. Wenzangu wote wakakanyaga mfereji uliojaa. Mimi nikauruka. Akapiga kelele, "Wewe! Rudi, ruka tena." Nikaruka. Akaleta kamba, akaupima mfereji, kisha akanipima na mimi mguu kama fundi wa cherehani, akacheka peke yake.

Njo hivi nilivyotiwa kwenye mbio za viunzi na maji. Sikia zilivyo, maana hata mimi sikuwa nimeziona. Unakimbia mita elfu tatu, na njiani wamepanga viunzi vya mti mzito vinavyokaribia kiuno. Ukivigonga havianguki, unaanguka wewe. Na kila mzunguko kuna kiunzi kimoja ambacho nyuma yake wamechimba shimo wakalijaza maji. Shimo hilo unalipita mara saba. Wenzangu hukanyaga juu ya kiunzi, husukuma, wakatua mguu mmoja kwenye ukingo wa mwisho, maji yakiwapita kifundo kidogo, wakaenda zao. Mimi mguu siutii majini. Naliruka shimo lote natua pakavu. Watu wananiita Panzi. Siku ya kwanza Mesie Jacques alifurahi sana, sasa hafurahi tena. Anasema nguvu zangu naziacha hewani, na kwamba hakuna goti la kutua pakavu namna ile kila siku likadumu. Na kweli, Yaya, goti la kulia limeanza kunisemesha.

Basi ombi langu ni hili: mwombe Mama aniondolee lile neno. Hapa sijamwambia mtu, watanicheka. Lakini wewe ulikuwepo siku ile ndugu yetu Abedi alipozama mto Lualaba na mwili wake usionekane. Ulimwona Mama akishika ziwa lake mbele ya watu: "Bulaimu, kwa ziwa hili ulilonyonya, mguu wako ukiingia tena kwenye maji yanayofunika kifundo, sina radhi nawe, duniani wala ahera." Miaka kumi na moja nimelishika. Nilipokuwa napeleka barua za reli kutoka steshoni hadi kambi za wafanyakazi, vijito vyote vya njiani niliviruka, mfuko begani, na sikumlaumu. Labda hata ni neno lake lililonifundisha kuruka. Lakini maji ya hapa si mto, yametoka bombani. Tarehe saba Julai ni mashindano ya koloni nzima, na wawili wa kwanza watapelekwa kukimbia Ubelgiji. Ninaweza kuwa mmoja wao, Yaya, wallahi ninaweza. Ila ninahitaji goti.

Mdogo wako,
Bulaimu


Kindu, 5 Machi 1957

Mdogo wangu Bulaimu,

Barua yako imefika Jumamosi. Nimeisoma mara tatu: mara moja kwa Mama, mara moja kwa Baba mdogo, na mara moja peke yangu jikoni ili nicheke kwa raha zangu. Panzi! Aliyekupa jina hilo Mungu amzidishie. Hii yangu Donatien wa posta alitaka kuikataa, eti wakubwa hawapendi barua za herufi za Kiarabu wasizozisoma. Nikamwambia hizi ndizo alizonifundisha marehemu Baba, za shule ya mapadri sikupewa, basi hao wakubwa wajifunze. Akapiga mhuri.

Nilingoja Mama amalize wali wake na mboga ya sombe, ashibe, atulie. Kisha nikakutetea kama wakili. Nikasema ni maji ya bomba, ni machache, ni kazi, ni Ubelgiji. Akanisikiliza vizuri kabisa.

"Ile shimo, nani aliichimba?"

"Wazungu, Mama."

"Na wao wenyewe wanajua ni mubaya, njo maana wanatia muti mbele yake. Sasa mutoto wangu aingie kwa nini?"

Baba mdogo alicheka hadi akamwaga chai.

Kesho yake nikarudia, na hapo akakasirika kweli. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka: "Mwambie ile muguu njo yangu, nilimuazima tu. Akitaka nimufungulie, akuje hapa. Asimame mbele yangu, nimumwagie maji kwa muguu na mukono yangu mwenyewe, nimutemee mate ya baraka kwa kichwa. Radhi haitiwi bahasha."

Haya, umesikia. Unamjua, akishasema hivyo hata mvua haimsogezi. Kwa hiyo omba ruhusa uje, hata wiki mbili tu, yaishe. Mama anakohoa tangu mvua za Januari na jioni miguu inavimba, lakini ukali wake haujapungua, usihangaike. Lete hilo goti tulikande na mawese.

Dada yako,
Sharifa


Léopoldville, 24 Machi 1957

Yaya Sharifa,

Wiki mbili unasema! Wiki mbili zinanifikisha Stanleyville nikiwa na bahati. Hata hivyo nilikwenda kuomba karatasi ya njia. Bwana wa ofisini akaniuliza sababu. Ningesema nini? Kwamba naenda kumwagiwa maji miguuni na mama yangu? Nikasema mama anakohoa. Akasema amegundua kwamba mama wote wa Kongo hukohoa mazoezi yanapokuwa magumu. Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, maana ningefanya nini. Karatasi sipewi mpaka mashindano yaishe. Na bila karatasi, polisi wa bandari ya kwanza tu ananishusha, nalala jela, jina langu linafutwa.

Goti limekuwa kubwa kama papai. Daktari alilichoma sindano akatoa maji, kikombe kizima cha kahawa. Nikamwambia ninayakimbia maji miaka kumi na moja, kumbe yamenizunguka yakaingia kwa nyuma. Hakuelewa, akaniambia nisimsogelee na mzaha. Kisha akasema neno ambalo si mzaha: nikiendelea kutua pakavu, litapasuka kabla ya Julai, na likipasuka ndiyo basi.

Kwa hiyo nilijaribu. Juzi wenzangu walipokwenda kula nikabaki pale shimoni peke yangu. Nikasema, maji haya hata mbuzi hazami. Nikainua mguu, nikauweka juu ya maji, nikauambia shuka. Haukushuka. Nilisimama vile mpaka ule mwingine ukaanza kutetemeka. Nikaketi nikalia, Yaya. Nakuambia wewe tu.

Mwambie Mama sibishani naye. Siwezi kuja. Si kwamba sitaki, siwezi. Aseme lile neno mbele ya Baba mdogo na jirani mmoja, wawe mashahidi, wewe uandike, na nikirudi anaweza kunimwagia pipa zima. Wiki ijayo mfungo unaanza. Labda Ramadhani itamlainisha moyo.

Bulaimu


Kindu, 18 Aprili 1957

Yaya Jamila,

Najua dereva wa lori la Kampene amekwisha kukufikishia. Mama ametutoka Jumatatu baada ya alasiri, siku ya kumi na tano ya mfungo. Tumemzika Jumanne asubuhi, watu walijaa mpaka barabarani. Wewe na tumbo la miezi minane ungefanyaje safari ile? Usijilaumu, hakuna aliyekusema.

Ila nina jambo, na hapa sina wa kumwambia. Barua ya Bulaimu ilifika siku mbili kabla Mama hajafa. Goti lake linakufa. Daktari amesema litapasuka kabla ya Julai asipoanza kukanyaga maji kama wenzake, naye hathubutu kwa sababu ya neno la Mama, na karatasi ya kuja Kindu wamemnyima. Nikamsomea Mama yote. Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia, Mama, mtoto anavunjika, mtolee lile neno, niite mashahidi sasa hivi. Kisha akasema, polepole, "Sharifa, nikimufungulia, atarudi kwa nini?"

Yaya, nilikaa chini. Siku zote hizi nilidhani anaogopa maji. Kumbe alikuwa anaogopa Ulaya. Ile radhi ilikuwa kamba pekee iliyombakia ya kumvutia mwanawe nyumbani, na hakutaka kuiachia. Nikamkasirikia, Mungu anisamehe, nikamkasirikia mtu anayekata roho. Nikamwambia Bulaimu hawezi kuja, wamemzuia. Akasema, "Atakuja." Jumatatu alikata roho ameelekea mlangoni.

Baba mdogo ametangaza msikitini mtu asimwandikie Bulaimu. Msafiri hapewi msiba kwa barua, njo desturi yetu, na safari hii desturi ina maana: akisikia atatoroka bila karatasi, watamfunga. Sawa. Lakini Bulaimu yuko kule anangoja jibu langu. Nikinyamaza, goti linapasuka. Nikimwambia ukweli, atatoroka, na tena lile neno litabaki limefungwa milele, maana aliyelifunga hayupo. Na la tatu naliona, ila mkono unakataa kuliandika. Niambie nifanye nini. Mimi sijui, sijui kabisa.

Sharifa


Kampene, 25 Aprili 1957

Sharifa,

Nimelia siku tatu, leo nimenawa uso nikupe shauri, na usilijadili.

Hilo la tatu ndilo. Andika kwamba Mama amemtolea. Abedi alizama hatukupata hata shati lake. Mtoto wa kiume alibaki mmoja, na wewe unataka Mama aendelee kumshika mguu kutoka kaburini? Mama nilimpenda kukushinda, nilimjua kabla yako. Alipokuwa hai alikuwa na haki ya ukaidi wake wote. Sasa amekwisha kwenda kwa Mungu, na huko nadhani wameshamwambia kwamba maji ya bomba hayana neno. Dhambi niwekee mimi. Mimi mkubwa, na mgongo ninao.

Andika ilikuwa siku ya Idi, watu husameheana siku hiyo. Lakini iandike vizuri! Bulaimu si mjinga. Ukimfanya Mama mpole atashtuka mara moja. Mtie ukali wake. Akishashinda na kurudi, tutamkalisha tumwambie yote, atalia, atatutukana, atakula.

Mtoto anacheza sana tumboni. Akiwa wa kike unajua jina lake.

Jamila


Kindu, 3 Mei 1957

Mdogo wangu Bulaimu,

Idi njema, na kaa chini kwanza. Mama amekutolea.

Ilikuwa asubuhi ya Idi, watu wanarudi kuswali. Alitoka akakaa kizingitini na ule mtandio wake mweupe. Mara akasema, "Zile sandali za Bulaimu ziko wapi?" Zile kuukuu ulizoacha nyuma ya mlango. Nikampa. Akaomba birika. Akazimwagia maji, moja halafu nyingine, akatema mate kidogo, akasema mbele ya Baba mdogo na mke wa jirani: "Basi. Maji ya mbio, aingie. Ya Lualaba, bado." Unamjua, hawezi kukupa kitu chote kwa siku moja. Kisha akaanza kutugombeza kwamba tunamtazama kama sinema na pilau linaungua.

Kikohozi kimetulia, hakimsumbui tena. Usimwandikie barua ndefu ya kumshukuru, amechoka kusomewa barua. Usiulize maswali mengi pia, maana akifikiri sana anaweza kubadili. Ingia tu majini, Bulaimu. Kesho asubuhi ukiamka, nenda uingie. Nakuomba mimi Sharifa, fanya hivyo kwa ajili yangu, kama hukuwahi kunifanyia kitu kingine.

Dada yako,
Sharifa


Léopoldville, 26 Mei 1957

Yaya! Yaya Sharifa!

Maji ni baridi! Mbona hamkuniambia? Miaka kumi na moja ya ndoo na kata, nimesahau kabisa yanavyoukamata mguu. Barua yako nimeipata Jumanne, mchana huo huo nikaenda shimoni mbele ya watu wote. Niliogopa kidogo. Nikasema, "Maji ya mbio, aingie," kama alivyosema Mama, na mguu ukashuka wenyewe. Nilijiona kama mtu aliyekuwa ameshikwa shati kwa nyuma, akaachiwa. Mesie Jacques alitupa kofia yake shimoni, kisha akanituma nikamwokotee, mradi anione nikiingia tena.

Nimepunguza sekunde kumi na moja, Yaya. Sekunde kumi na moja, wala sijachoka! Goti linashuka kila siku, jana nilipanda ngazi bila kushika ukuta. Kati ya watu wa viunzi hapa wa kuniweza ni mmoja tu, mtu wa Katanga, naye nimeanza kumwona mgongo kwa karibu.

Ile habari ya sandali nimeisoma mpaka karatasi imelegea. "Ya Lualaba, bado." Nilicheka peke yangu kitandani, wenzangu wakadhani nina homa. Kila nikiingia majini nasema ahsante Mama. Mbio moja, ahsante saba.

Sasa mwambie hivi, polepole, akiwa ameshiba. Ubelgiji ni wiki tatu tu. Najua yeye hakuwa anaogopa shimo. Anaogopa nisirudi. Mwambie nitarudi, nitakuja nisimame mbele yake animwagie maji ya kweli. Nimemnunulia kitambaa cha buluu chenye ndege, kipo chini ya mto wangu. Usimwambie rangi, atasema hapendi buluu.

Mdogo wako mwenye miguu miwili,
Bulaimu


Léopoldville, 19 Julai 1957

Yaya Sharifa,

Nilijua tangu tarehe tano.

Edouard, mchochea moto mmoja wa melini, mtu wa mtaa wa Kasuku huko Kindu, alipita kambini kunisalimu. Akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole kwa Mama. Ila alizikwa vizuri, hata kama ulikuwa mfungo wenu watu walijaa." Yeye ni Mkristo, hakuwepo msikitini, na nadhani huko ndiko mlikotoa amri ya kunyamaza. Usimlaumu. Nikamwuliza, mfungo upi? Akasema huu uliopita, wiki mbili kabla ya Idi. Nikamshukuru, nikamkaribisha karanga, nikamsindikiza mpaka getini. Kisha nikaitoa barua yako nikasoma tena pale pa sandali na birika. Uliandika vizuri, Yaya. Mimi nilikuwa namsikia kabisa.

Nilikukasirikia hadi meno yakagongana. Siku arobaini na tano nimeingia majini, kila mara nikisema ahsante Mama, na yeye yuko udongoni, hajaniruhusu. Nilikuwa namshukuru mtu ambaye hakunipa. Sikujua nimlilie kwanza au nikutukane kwanza. Mwishowe sikufanya lolote, nikala chakula changu.

Jumapili ilipofika nilikuwa nimekata shauri kuingia. Nikuambie ukweli, nilikuwa nimekata shauri. Nilisema, amekufa, maji ni ya bomba, na Sharifa alichofanya alikifanya kwa ajili ya goti langu. Watu walijaa uwanja, muziki unapiga. Tukaachiwa, tukazunguka, nikafika shimoni, nikakanyaga kiunzi. Na pale juu nikaona jambo moja. Nguo zake mmeshazigawa. Kaburi lake sijaliona. Mkono wake sikuushika. Kitu chake nilichobaki nacho ni lile neno, na nikiingia majini nikijua, basi hata hilo sina. Nikaruka. Nikatua pakavu.

Mesie Jacques alipiga kelele mpaka nikamsikia upande wa pili wa uwanja. Mara ya pili nikaruka. Ya tatu, ya nne. Ya tano machozi yalikuwa yananizuia kuona kiunzi. Ya sita nilikuwa wa pili, Yaya, nyuma ya yule wa Katanga, hatua nne tu, mtu wa tatu yuko mbali. Ningejikokota tu ningefika Ubelgiji. Ya saba goti likapasuka. Nililisikia kabla halijauma. Nilianguka, na nilianguka pakavu, hilo nilihakikisha. Nikawahesabu wakinipita mpaka wakaisha.

Daktari amesema mguu huu hautakunjika tena. Mesie Jacques alikuja hospitali, akakaa kitandani pangu, akaniuliza kwa nini, wiki sita uliruka vizuri, kwa nini siku ile? Nilitafuta la kumjibu kwa Kifaransa sikulipata, na kwa Kiswahili pia sikulipata. Akalia yule mzee. Akaniachia machungwa.

Karatasi ya njia niliyoiomba Machi nimepewa juzi, wala sikuiomba tena. Imechukua nusu siku. Wameandika kwamba sifai.

Hasira bado ninayo, nisikudanganye, mmoja kati yetu aache kudanganya. Lakini nimejiweka mahali pako, nikajiuliza ningeandika nini, na nimeona ningeandika vile vile, sandali na yote. Hakuna aliyetaka lililotokea. Mama hakutaka, wewe hukutaka, hata bwana wa ofisini nadhani hakutaka. Kitambaa cha buluu ninacho, utakivaa wewe.

Naondoka na meli ya tarehe ishirini na mbili. Katikati ya Agosti nitakuwa Kindu. Sasa nisikilize vizuri. Ni kiangazi, mto umepungua, meli haitafika kwenye ukuta wa bandari. Itasimama mbali, na abiria watashuka wakanyage maji mpaka ufukoni, kama kila mwaka. Mimi na magongo siwezi tena kuruka. Tafuta watu wawili wenye mabega waje kunipokea. Waambie wanibebe juu, na mguu huu mkavu wauinue, maana wenyewe haujikunji, utaning'inia mpaka majini. Usiwaambie sababu. Sema ni maumivu.

Mdogo wako,
Bulaimu